Kodi Ndiyo Kipimo: Mtaji na Misingi ya Uwekezaji wa Nyumba Tarime na Serengeti

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye hati ana haki ya kumiliki kwa muda na kwa masharti: miaka 33, 66 au 99 kwa hati inayotolewa na Kamishna wa Ardhi, au haki miliki ya kimila inayotolewa kijijini, ambayo kwa raia inaweza kuwa bila kikomo cha muda. Msingi huo umo katika Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 4 na Na. 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Mwekezaji mpya wa nyumba hana budi kuanzia hapo, kwa sababu bei ya kiwanja, uwezekano wa kupata mkopo, kodi ya pango na hata fidia, vyote hufuata aina ya haki aliyoinunua.

Sheria inagawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Katika wilaya za Tarime na Serengeti makundi hayo yamesogeleana sana. Katikati ya mji wa Tarime na mji wa Mugumu kuna viwanja vilivyopimwa, vyenye bikoni na namba. Sirari, mpakani na Isebania ya Kenya, pana makazi ya biashara yaliyokua haraka kuliko upimaji. Nyamongo ina vijiji vilivyouzunguka mgodi wa dhahabu. Mbalibali, upande wa Serengeti, ni mashamba na makazi ya watu waliorithi ardhi kwa mila. Ukizidi kwenda mashariki na kusini unakutana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, kisha Hifadhi ya Taifa Serengeti. Mtu mwenye pikipiki anaweza kutembelea viwanja vitatu kwa siku moja, na kila kimoja kikawa chini ya utaratibu wake wa kisheria. Dalali atavitaja vyote kwa neno moja tu, "kiwanja".

Tofauti hiyo ina gharama halisi. Kiwanja kilichopimwa mjini kina kumbukumbu katika ofisi ya ardhi, kwa hiyo mnunuzi anaweza kuomba upekuzi kwa Msajili wa Hati, kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa iliyoko Musoma, akajua mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki juu yake, na kama kuna zuio la mahakama. Kodi ya ardhi ya kila mwaka nayo huonyesha kama mmiliki amekuwa akitimiza wajibu wake. Hati ina masharti ya matumizi na ya uendelezaji, na kwa kawaida mwenye kiwanja hutakiwa kukiendeleza ndani ya miezi 36. Anayenunua kiwanja kilichoachwa kichaka kwa miaka kumi ananunua pia deni la kodi na hatari ya milki kubatilishwa.

Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya mamlaka ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwanakijiji hawezi kuihamishia kwa mtu mwingine bila idhini ya halmashauri, na sheria inamlenga mpokeaji anayeishi au anayekusudia kuishi na kufanya kazi kijijini hapo. Tangu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilishaamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya Halmashauri ya Kijiji ni batili. Hata hivyo hadi leo mikataba mingi ya mauziano huandikwa kwenye karatasi ya daftari, ikapigwa muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, na mnunuzi akarudi nyumbani akiamini kwamba muhuri umemaliza kazi. Mwenyekiti peke yake siyo halmashauri. Kinachotakiwa ni kikao chenye muhtasari, mahudhurio na uamuzi uliorekodiwa, na mnunuzi ana haki ya kudai nakala yake. Kazi hiyo humchukua wiki chache na gharama ndogo, ilhali kuikosa kumewatia watu wengi katika kesi zilizodumu kuliko ujenzi wenyewe.

Swali la nani anauza ni zito zaidi Tarime na Serengeti kuliko sehemu nyingi za nchi. Katika jamii ya Wakurya, ardhi na mifugo ya mji, yaani boma la familia, hugawika kwa nyumba za wake, na kila mke na watoto wake huwa na fungu lao. Mzee anaweza kusimama mbele ya mashahidi akauza eka mbili ambazo kwa mila ni za nyumba ya mke mdogo, na watoto wa nyumba ile wakaja kudai baada ya msingi kumwagwa. Kuna pia nyumba ntobhu, ndoa ambayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake ili azae kwa jina la nyumba yake. Watoto wa nyumba hiyo wana fungu lao kama watoto wengine wa mji. Mgeni asiyeuliza habari za nyumba ngapi ziko katika mji huo hataambiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji nayo imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya ardhi kwa sababu ya hali yake hiyo, kwa hiyo mjane aliyewekwa kando siku ya mauzo anaweza kusikilizwa barazani miaka mingi baadaye.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza. Ridhaa hiyo iandikwe na kusainiwa, na kama kuna wake zaidi ya mmoja, aulizwe kila anayehusika na nyumba hiyo. Ardhi ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa, hata akiheshimiwa na ukoo mzima, hana mamlaka hayo mpaka ateuliwe. Majirani wa pande nne wawepo siku ya kuonyeshana mipaka, na si vibaya kukaa nao tena siku nyingine, muuzaji akiwa hayupo. Kwenye mipaka ya koo, ambako ugomvi wa ardhi na mifugo umewahi kumwaga damu Tarime, bei rahisi ya shamba inapaswa kumfanya mnunuzi azidi kuuliza.

Mipaka ya aina nyingine huamuliwa kwa mita. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaipa barabara kuu na ya mkoa hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla ya hapo zilikuwa mita 22.5 kila upande. Barabara ya kutoka Tarime kupitia Nyamwaga hadi Mugumu inajengwa kwa lami kwa awamu, na wengi hukimbilia kununua ukingoni mwake ili wajenge fremu za maduka. Hilo ni wazo zuri iwapo kamba ya kupimia imevutwa kwanza. Alama ya X nyekundu ukutani ina maana nyumba itabomolewa bila fidia. Ya kijani ina maana mwenyewe atalipwa. Kando ya Mto Mara na vijito vyake, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 ambamo shughuli za kudumu za kibinadamu haziruhusiwi. Vijiji vinavyopakana na hifadhi vina mipaka yao, na mnunuzi aombe kuonyeshwa vigingi kwa macho, akiwa na ofisa ardhi wa wilaya.

Baada ya haki kueleweka, linakuja swali la thamani: ni nani atakayelipia nyumba hii, na kwa sababu gani? Hapa Nyamongo ina somo ambalo halipatikani katika kitabu chochote cha uwekezaji, na lina neno lake: tegesha.

Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Uliwahi kuwa wa Placer Dome, Barrick ikauchukua mwaka 2006, ukapita katika kampuni iliyoitwa African Barrick Gold na baadaye Acacia, na mwaka 2019 ukarudi chini ya Barrick. Leo Serikali ina hisa za asilimia 16 kupitia kampuni ya ubia ya Twiga. Kila mashimo ya Nyabirama na Gokona yalipopanuka, mgodi ulihitaji ardhi ya vijiji vya jirani, na ardhi hiyo ilipaswa kulipiwa fidia. Watu waliona mtindo huo. Wakaanza kujenga nyumba katika maeneo waliyodhani yatafikiwa na mgodi, wakati mwingine nyumba nyingi kwenye kipande kidogo, kuta nyembamba na bati juu, bila mtu wa kulala ndani. Ndiyo kutegesha, kutoka katika kitenzi tega, kama mtu anayetega mtego njiani kwa mnyama anayemtarajia. Wengine walipanda miti na mazao ya kudumu kwa wingi kwa kusudi hilohilo. Walikuwemo wenyeji, na walikuwemo wageni waliokuja na fedha za mjini wakakodi vipande vya ardhi kwa wenyeji kwa makubaliano ya kugawana malipo.

Tegesha ina mantiki yake, na kuipuuza ni kutoelewa kwa nini watu wenye akili timamu waliweka fedha zao pale. Kanuni za mwaka 2001 za kuthamini ardhi kwa ajili ya fidia zinataka thamani ya soko, lakini mahali ambapo nyumba haziuzwi wala kupangishwa kwa wingi, mthamini hutumia gharama ya kujenga upya kutoa uchakavu. Kwa njia hiyo nyumba huthaminiwa kwa matofali yake, hata kama hakuna mpangaji ambaye angelipa shilingi elfu kumi kukaa ndani. Kwa kawaida mjenzi hukabiliwa na ukali wa soko: akijenga pasipo na watu, hapati kodi. Fidia iliondoa ukali huo, ikafanya ukuta wenyewe uonekane kuwa mapato.

Upungufu wa tegesha uko katika mambo matatu. Kwanza, mnunuzi ni mmoja tu, na ndiye anayeamua lini anunue na wapi ramani yake iishie. Shimo likipanuliwa upande mwingine, nyumba ya kutegesha inabaki mlimani bila maji, bila umeme na bila mpangaji. Pili, sheria haikuandikwa kwa ajili ya nyumba tupu. Kanuni hizo zinatoa posho ya usumbufu, gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilomita 20, na posho ya makazi ya kodi ya miezi 36, lakini posho za usafiri, makazi na faida iliyopotea hazitolewi kwa mahali pasipokuwa na anayeishi au kufanya shughuli. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 nayo inazuia kulipia maendelezo yaliyofanywa baada ya tarehe rasmi ya kuanza uthamini. Tatu, muda. Uthamini unaweza kurudiwa, kupingwa au kucheleweshwa, na aliyejenga kwa fedha za kukopa hulipa riba kila mwezi akisubiri barua ambayo hakuna aliyemwahidi. Uchungu wa familia zilizouza ng'ombe ili zijenge nyumba za namna hiyo, kisha zikabaki na kuta tu, ni uchungu wa kweli, na mshauri yeyote wa uwekezaji Tarime anayelipita jambo hili kimya hajawatendea haki watu wake.

Kinyume cha tegesha ni nyumba inayopimwa kwa kodi. Mpangaji anayeweza kulipa ndiye anayeipa nyumba thamani hata mwaka ambao hakuna mgodi unaonunua wala jirani anayetaka kuuziwa. Katika eneo hili wapangaji wa kudumu wanajulikana: walimu, wauguzi, polisi, watumishi wa halmashauri, wanafunzi na watumishi wa Chuo cha Ualimu Tarime, wafanyakazi wa hospitali ya Nyerere iliyoko Mugumu, mawakala wa forodha na wafanyabiashara wa Sirari, madereva na waongoza watalii wanaofanya kazi zao kupitia Ikoma. Kila kundi lina mahitaji yake. Mtumishi aliyehamishiwa Mugumu na familia hutaka nyumba ya vyumba viwili yenye jiko na choo cha ndani. Mchuuzi wa Sirari hutosheka na chumba kimoja, ila hataki kugombana kuhusu LUKU ya pamoja. Dereva wa watalii huwa na miezi ya neema na miezi ya njaa, kwa kuwa kazi yake hufuata msimu.

Wapangaji wa mgodi hulipa vizuri, lakini nyumba zote zikitegemea mwajiri mmoja hatari huwa kubwa. Kahama ililijua hilo pale mgodi wa Bulyanhulu uliposimamisha uzalishaji mwaka 2017 na ule wa Buzwagi ulipofikia mwisho wa uchimbaji wake mwaka 2021. Nzega ilipitia hali hiyo mapema zaidi, mgodi wa Golden Pride ulipofungwa. Dhahabu ina siku ya kwisha. Nyamongo, nyumba inayoweza kukaliwa pia na mwalimu au mfanyabiashara wa kawaida, kwa kodi ya kawaida, ni salama kuliko ile iliyojengwa kwa kipato cha fundi mitambo peke yake.

Hesabu ndiyo inayotenganisha matumaini na uwekezaji. Chukua mfano wa kufundishia: kiwanja na vyumba vinne vimegharimu jumla ya shilingi milioni 20, na kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mapato ya karatasini ni 2,880,000 kwa mwaka. Vyumba havijai mwaka mzima. Hesabu miezi kumi, zinabaki 2,400,000. Kodi ya zuio ya asilimia 10 inaondoa 240,000. Rangi, vitasa, bati lililotoboka na kunyonya choo vichukue 200,000. Kinachobaki ni 1,960,000, karibu 163,000 kwa mwezi, sawa na asilimia 9.8 ya mtaji.

Sasa fikiria milioni 20 hizo zote zimekopwa kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, riba isiyo ya ajabu katika mabenki ya nchi. Kwa miaka mitano rejesho la mwezi ni karibu 497,000. Kwa miaka 15 linashuka hadi 308,000. Hata mkopaji akipewa miaka 25 hali haibadiliki, kwa kuwa riba peke yake ya mwezi wa kwanza ni 283,000 na nyumba inaingiza 163,000. Mshahara au biashara nyingine ndiyo itakayolipa tofauti, na siku mshahara ukikatika nyumba itauzwa. Kukopa kidogo hubadilisha picha yote. Mwenye milioni 15 zake anayekopa milioni 5 za kumalizia kwa riba hiyohiyo kwa miaka mitano hulipa karibu 124,000 kwa mwezi, na kodi inaubeba mkopo. Jambo la kuuliza benki ni kama riba hukokotolewa kwa salio linalopungua au kwa kiasi chote cha mwanzo hadi mwisho. Kwa njia ya pili, milioni 5 zilezile kwa asilimia ileile ya 17 huzaa rejesho la karibu 154,000.

Mikopo ya nyumba ya muda mrefu ina historia fupi Tanzania. Benki ya Nyumba Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1972 ilianguka mwaka 1995, na kwa miaka mingi hapakuwa na mkopeshaji wa aina hiyo. Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya mwaka 2008 ilirekebisha taratibu za rehani, na mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe. Pamoja na hayo mikopo yote ya nyumba nchini bado haifiki asilimia moja ya pato la taifa. Sababu mojawapo inaonekana wazi mkoani Mara: benki hutaka hati iliyosajiliwa, kiwanja kinachouzika na mkopaji mwenye mshahara unaopitia kwake, na shamba la kimila la Mbalibali halina la kwanza wala la pili. Mpango wa MKURABITA, ulioanza mwaka 2004, ulilenga kuwageuzia wanyonge mali zao ziwe mtaji kwa kurasimisha, na hati nyingi za haki miliki za kimila zimetolewa tangu hapo. Hati hiyo inamlinda mwenye shamba dhidi ya mvamizi, na kwa hilo tu inastahili kutafutwa. Benki hata hivyo huitazama kwa swali moja: mkopo ukishindikana, nani atanunua shamba lililoko katikati ya ukoo wa mdaiwa? Jibu likikosekana, mkopo haupatikani.

Aliyeweka rehani ajue pia haki zake. Mkopeshaji hawezi kuuza nyumba kwa kushtukiza; Sheria ya Ardhi inamtaka atoe notisi ya maandishi ya siku 60 kabla ya kutumia haki ya kuuza. Siku hizo ni za kutafuta mnunuzi kwa bei ya soko au kuomba mpangilio mpya wa marejesho. Anayezitumia kujificha hupoteza mengi.

SACCOS za walimu na watumishi ndizo mlango ambao watu wengi wa kipato cha kati huupitia, kwa kuwa mkopo hutegemea akiba ya mwanachama na wadhamini anaofanya nao kazi. VICOBA na upatu hutosha kununua tripu za mchanga, mawe au bati, lakini si kujengea nyumba nzima, maana mzunguko wao ni mfupi kuliko ujenzi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni ya shughuli za uzalishaji. Kikundi cha kufyatua matofali kinaweza kufaidika nayo kwa uhalali, mtu binafsi anayetaka nyumba ya kupangisha hawezi. Chini kabisa ipo mikopo ya kausha damu, yaani mikopo midogo ya riba kali. Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma ndogo za fedha wasiopokea amana, na hata ndani ya kikomo hicho milioni 5 huzaa riba ya 175,000 kwa mwezi. Vyumba vinne vya mfano wetu haviwezi kulipa hata riba hiyo. Wasio na leseni hutoza zaidi, wakashika kadi ya benki ya mkopaji na hati ya kiwanja chake. Hakuna nyumba ya kupangisha inayostahili kuanzwa kwa fedha hizo.

Ndiyo maana ujenzi wa awamu, unaodharauliwa na baadhi ya wataalamu, una busara yake. Riba yake ni sifuri. Mwalimu anayemwaga msingi mwaka huu, akapandisha kuta hadi lenta mwakani na kupaua mwaka wa tatu, anajikopesha mwenyewe. Tatizo la njia hii ni pagale: kuta zilizosimama bila paa huliwa na mvua za nyanda za juu za Tarime, hasa zikiwa za tofali la kuchoma lililojengewa udongo, na fedha zilizolala ndani hazizai. Dawa yake hupangwa kwenye ramani. Jengo ligawanywe tangu mwanzo ili vyumba viwili, choo na mita ya umeme vikamilike na kupangishwa, kisha kodi yao isaidie vinavyofuata. Fundi alipwe kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa, na mwenye nyumba anunue vifaa mwenyewe akitunza stakabadhi. Mjini kibali cha ujenzi cha halmashauri hutangulia msingi.

Fedha inayosubiri awamu nayo isikae ndani ya godoro. Ng'ombe ni akiba ya zamani ya eneo hili na huzaa, ila ana magonjwa, wezi na bei inayoyumba mnadani. Mfuko wa pamoja kama Umoja wa UTT AMIS, ulioanzishwa mwaka 2005, hupokea kiasi kidogo kidogo. Hatifungani za Serikali huanzia shilingi milioni moja, na riba yake ya muda mrefu haikatwi kodi. Ile ya miaka 25 ilianza mwaka 2021 kwa riba ya asilimia 15.95, ikashushwa hadi 12.56 kwa matoleo ya kuanzia Aprili 2022. Hata kwa kiwango hicho cha chini, milioni 20 zingeleta 2,512,000 kwa mwaka, zaidi ya vyumba vinne vya mfano wetu. Faida ya nyumba ni kwamba kodi yake hupanda kadiri miaka inavyokwenda, na kiwanja kilichochaguliwa vizuri huongezeka bei, ilhali riba ya hatifungani aliyoinunua mtu haibadiliki. Mwekezaji mpya alinganishe mambo hayo mawili kwa karatasi na kalamu kabla ya kuchimba msingi.

Kujifunza kwenyewe hakuhitaji ada kubwa. Kesi za Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya husikilizwa hadharani, na anayekaa huko siku tatu atasikia makosa ya wanunuzi yakitajwa moja baada ya jingine, na ushahidi uliowaokoa wachache. Kutembea mtaa mmoja wa Tarime au Mugumu jioni, kuhesabu vyumba vitupu na kuwauliza wapangaji walichokikimbia walikotoka, kunatoa takwimu ambazo dalali hatazitaja. Mabaraza ya kata, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yanapatanisha tu na hayaamui. Anayeshindwa kupatana huenda wilayani. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, jambo linalomhusu sana mtu anayenunua kiwanja akakiacha mikononi mwa jirani anayelima.

Nyumba ikishapata watu, mkataba wa upangaji uandikwe hata kama mpangaji ni ndugu wa rafiki: kiasi cha kodi, tarehe, nani hulipa maji, notisi ya kuondoka, na hali ya chumba siku ya kuingia. Desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo humpa mwenye nyumba fedha ya haraka, lakini huwafukuza wapangaji wazuri ambao mshahara wao ni wa mwezi, na vyumba hukaa vitupu vikisubiri mwenye donge. Miezi mitatu huleta uwiano mzuri zaidi. Kodi ya majengo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mpangaji anayenunua umeme hujikuta akimlipia mwenye nyumba; kwa haki, kiasi hicho kipunguzwe kwenye kodi yake ya pango, na mkataba useme hivyo. Ofisi au kampuni ikipanga, itakata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kumpa mwenye nyumba cheti chake, ambacho atakihitaji anapofanya hesabu zake na TRA.

Siku ya kuuza, uhamisho wa kiwanja chenye hati hupitia uthamini ulioidhinishwa, ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kodi ya asilimia 10 kwa mkazi juu ya ongezeko la thamani, yaani tofauti kati ya bei ya kuuzia na gharama iliyothibitishwa. Gharama hiyo huthibitishwa kwa stakabadhi za saruji, bati na nondo, mikataba ya mafundi, risiti za kodi ya ardhi na muhtasari wa kikao kilichoidhinisha ununuzi, vyote vikiwa vimetunzwa tangu mwaka wa kwanza.